Wacheki waliotaka kurudi kwao tu, wakajikuta wameshika reli yote ya Siberia: nani alianzisha, na dhahabu ya Tsar iliishia wapi?

Mzee wa Stesheni
Wakuu, habari za jioni.

Kuna kisa cha vita ya kwanza ya dunia ambacho huku kwetu hakisimuliwi. Ni 1918, milki ya Urusi imepasuka. Tsar (mfalme) kang'olewa, Wabolsheviki (wakomunisti wa Lenin) wameshika Petrograd na Moscow, kila mkoa una serikali yake na mingine ina mbili. Katikati ya vurugu hiyo kuna jeshi la Wacheki na Waslovakia, kama watu 40,000, limekwama Ukraine. Kwao ni milki ya Austria-Hungaria, na hawaitaki. Wachache walikuwa wahamiaji walioishi Urusi tangu kabla ya vita. Wengi walipelekwa vitani na Austria, wakatekwa au wakajisalimisha, kisha wakakubali kumgeuzia bunduki bwana wao wa zamani. Austria ikiwatia mkononi ni kitanzi.

Machi 3, 1918 Wabolsheviki wanasaini amani na Ujerumani pale Brest-Litovsk. Njia ya magharibi imefungwa. Jamaa wanataka kufika Ufaransa wakaendelee kupigana, na njia iliyobaki ni kuizunguka dunia: treni hadi Vladivostok, zaidi ya kilomita 9,000 ukihesabu kutoka Moscow, halafu meli.

Septemba ikianza, reli kutoka mto Volga hadi Pasifiki iko mikononi mwao. Wa mwisho wao waliondoka Vladivostok Septemba 1920.

Dai langu: hakukuwa na mpango wowote. Chanzo ni kipande cha chuma kilichorushwa stesheni ya Chelyabinsk, Mei 14, 1918. Anayebisha aje na hoja, asije na matusi.

Msomi Mvivu
Chuma gani tena mkuu? Umetuacha njiani. Shusha nondo.

Mzee wa Stesheni
@Msomi Mvivu twende. Kwa kuwa amani imesainiwa, mateka wa Austria-Hungaria waliokuwa Siberia wameanza kurudishwa kwao, magharibi. Wacheki wanakwenda mashariki. Chelyabinsk treni mbili zimesimama sambamba: moja ya Wacheki, nyingine ina mateka wa Kihungaria. Hawa watu hawapendani, Wahungaria wanawaona Wacheki wasaliti. Treni ya Wahungaria inaanza kuondoka, mmoja anarusha kipande cha chuma (wapo wanaosema ni mguu wa jiko), kinampiga Mcheki kichwani, anaanguka. Wenzake wanakimbilia kichwa cha treni, wanaisimamisha, wanamtoa aliyerusha, wanamuua palepale.

Soviet ya mji (baraza la Wabolsheviki) ikawakamata Wacheki kadhaa kwa uchunguzi. Wacheki wakatuma ujumbe kuwadai wenzao, ujumbe nao ukawekwa ndani. Mei 17 wakaingia mjini na bunduki, wakawatoa watu wao, wakabeba na silaha za ghala. Hawakumwaga damu nyingi. Lakini Moscow ilipopata simu ya upepo ndiyo basi tena.

Kipanga wa Kilwa
Mzee, kisa umekipiga vizuri ila umeanzia katikati. Chuma kilikuwa njiti, petroli ilishamwagwa.

Machi 26 yalifikiwa makubaliano ya Penza. Telegramu ya kuwaruhusu waende ilisainiwa na Stalin, wakati huo kamishna wa mataifa. Sharti: wasafiri kama raia huru, si kama jeshi, na kila treni ibaki na walinzi 168 wenye bunduki na bombomu moja. Silaha nyingine wakabidhi. Wakakabidhi nyingi, nyingine wakazificha kwenye kuta za mabehewa. Kila stesheni soviet ya hapo inadai zaidi: leteni bunduki kumi, leteni ishirini, ndipo mpewe kichwa cha treni. Kufika Mei treni zao zimetapakaa kutoka Penza hadi Vladivostok, nyingine zimekaa wiki nzima bila kusogea. Askari wanasema huu ni mkono wa Ujerumani, tunacheleweshwa tukabidhiwe Austria.

Mei 25 Trotsky, kamishna wa vita wa Wabolsheviki, akatoa amri kwamba Mchekoslovakia yeyote atakayekutwa na silaha kwenye reli apigwe risasi hapohapo. Sasa wewe una bunduki, umebakiza nusu ya dunia kufika kwenu, unasikia amri hiyo. Utaikabidhi?

Mimi namtaja Trotsky. Chuma ni kisingizio.

Ngano Moto
Trotsky kaamuru wanyang'anywe silaha huku hana jeshi la kuwanyang'anya. Hii ni sawa na mgambo mmoja kuja kufunga soko la Kariakoo 😂

Dada wa Voi
Asante kwa uzi, watu wangu. Lakini nyote mmemsahau mwenye pesa. Jeshi hili liliwekwa chini ya amri ya Ufaransa. Ufaransa na Uingereza zilitaka mtu wa kuwapindua Wabolsheviki ili Urusi irudi vitani, na hawa hapa tayari wako ndani, wana silaha na nidhamu. Agosti mwaka huohuo Wajapani, Wamarekani na Waingereza wanashuka Vladivostok eti kuja "kuwaokoa" Wacheki. Kuwaokoa kutoka wapi, na wao ndio wameshika nchi? Mnaniambia hiyo ni bahati nasibu?

Kipanga wa Kilwa
@Dada wa Voi hoja nzuri, ndiyo waliyoishikilia Wasovieti miaka yote. Ina tundu moja. Mei 2 mkutano wa wakubwa wa vita pale Abbeville, Ufaransa, uliamua Wacheki walio magharibi ya Omsk wageuzwe, wapelekwe kaskazini kwenye bandari za Arkhangelsk na Murmansk. Paris ilikuwa inawataka upesi uwanja wa magharibi, Wajerumani walikuwa wanaisukuma Ufaransa vibaya mno masika yale. Askari waliposikia wanagawanywa mafungu mawili walikataa. Wakakutana Chelyabinsk wenyewe, wakachagua kamati, wakaamua kuendelea mashariki kwa nguvu ikibidi. Viongozi wao wa kisiasa Moscow wakawaamuru wakabidhi silaha, wakakataa hilo nalo.

Kama ni njama ya wakubwa, mbona wadogo walikataa amri za wakubwa?

Dada wa Voi
Njama inaweza kuanza Juni, si lazima Machi. Mbwa akishashika mfupa, mwenye mbwa husema alimtuma.

Chura wa Baikal
Nimesoma Irkutsk miaka ya themanini, enzi za Wasovieti, acha niongeze upande wa ardhi.

Watanzania tukisikia "reli ya Siberia" tunadhani ni njia mojawapo. Hakuna nyingine. Barabara zilikuwa matope miezi fulani na barafu miezi iliyobaki. Mito mikubwa, Ob, Yenisei, Lena, inatiririka kwenda kaskazini. Wewe unakwenda mashariki. Miji yote imeshikana na reli, na waya wa telegrafu umetandazwa pembeni yake. Ukiwa na stesheni una chakula, kuni, maji ya kichwa cha treni, na unajua adui yuko wapi kabla yeye hajajua ulipo wewe. Wacheki hawakuiteka Siberia, waliiteka kamba yake. Nenda kilomita hamsini ndani ya msitu, hakuna anayewajua.

Sehemu ngumu ilikuwa kusini ya ziwa Baikal. Reli inapita ukingoni, mlima huku na maji kule, ina karibu mahandaki 40. Wabolsheviki wakirudi nyuma walilipua handaki la 39. Kapteni Gajda wa Wacheki, kijana wa miaka 26, akatafuta vibarua na mafundi kulizibua, na huku askari wake wanapanda milima kuwazunguka adui kwa nyuma. Hakukuwa na nafasi ya kukosea: wangelipua mengine matano tu, Wacheki wote wa magharibi wangebaki hukohuko.

Fundi Redio
Na hapo hapo Baikal ndipo taifa lisilo na bahari lilipopigana vita ya majini. Waliizamisha meli ya kuvunja barafu ya Warusi kwa mizinga. Jeshi la maji la Wacheki, jamani!

Chura wa Baikal
@Fundi Redio haikuzamishwa ziwani. Walifunga mizinga kwenye meli mbili ndogo za mvuke, wakavuka, wakaikuta imefungwa gatini Mysovaya, wakaipiga mpaka ikaungua. Agosti 1918. Meli yenyewe iliitwa Baikal, ilitengenezwa Newcastle, Uingereza, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani. Ilikuwa inabeba mabehewa mazima ya treni tumboni kabla reli ya ukingoni haijakamilika. Mdogo wake, Angara, yupo Irkutsk hadi leo kama makumbusho.

Fundi Redio
Gatini au ziwani, maji ni maji. Ushindi ni ushindi.

Bibi Shamba
Ninyi wanaume mnahesabu mizinga. Miaka miwili na nusu kwenye behewa walikuwa wanaishije? Wanakula nini? Wanaoga?

Mzee wa Stesheni
@Bibi Shamba swali zuri kuliko yote. Mabehewa yalikuwa yale ya mizigo, yameandikwa nje "watu 40 au farasi 8". Ndani mbao za kulalia ngazi mbili au tatu, katikati jiko la chuma. Anayelala karibu na jiko anaungua, anayelala ukutani nywele zinagandia kwenye ubao. Lakini walikuwa mafundi: waokaji, maseremala, walimu, washona viatu. Wakatengeneza behewa la mkate, behewa la hospitali, behewa la kufulia, behewa la kiwanda cha uchapaji lililotoa gazeti la kila siku likisafiri na jeshi. Walikuwa na posta na stempu zao. Nje ya mabehewa walichora kwao, milima na makanisa, wakapamba kwa magome ya mti.

Wakawa pia na benki ya akiba ya askari pale Irkutsk. Hiyo ikumbukeni, dhahabu inakuja.

Mtoto wa Kisangani
Jambo kwa wote. Mimi niko Kanada sasa. Nimesoma uzi huu wa reli nikakumbuka ya kwetu. 1997 nilikuwa mtoto, vita ya kumtoa Mobutu. Kuna reli kati ya Ubundu na Kisangani, kilomita 125, imepita msituni mutupu. Wakimbizi maelfu walikaa pembeni ya ile reli, Biaro, Kasese, kwa sababu chakula na dawa vinaweza kufika kwa treni tu. Treni isipokuja, ni kifo. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi stesheni, alisema kila mwenye bunduki anakuja kwanza kuuliza makinisti (dereva wa treni) yuko wapi, hata kabla ya kuuliza chifu. Kwa hiyo namuelewa Chura. Siku ile kiongozi wa inchi ni mwenye kichwa cha treni.

Swali: wale raia wa Urusi waliokuwa wanakimbia, Wacheki waliwapakia?

Chura wa Baikal
@Mtoto wa Kisangani pole sana ndugu. Na umeuliza swali ambalo Wacheki wenyewe hawalipendi.

Jibu: mara nyingi hapana. Novemba 18, 1918 Admirali Kolchak, mpinzani wa Wabolsheviki, alichukua madaraka Omsk kwa mapinduzi. Wacheki hawakumpenda, wengi walikuwa watu wa siasa za kijamaa. Tena wiki tatu kabla, Oktoba 28, nchi yao imeshatangazwa Prague. Vita imekwisha, nchi wanayo, na wao wako Siberia wanalinda reli ya mtu. Kabla hata ya habari hiyo kuwafikia, Kanali Švec alijipiga risasi, Oktoba 25, baada ya vijana wake kugoma kwenda mstari wa mbele. Mwaka mzima wa 1919 wakawa walinzi wa reli, na katika kuwatafuta wapiganaji wa msituni walichoma vijiji. Hilo nalo liandikwe.

Omsk ikaanguka Novemba 14, 1919. Kila mtu akakimbilia reli: jeshi, wake wa maofisa, wafanyabiashara, yatima, wagonjwa. Wacheki ndio wanaogawa vichwa vya treni na makaa, na treni zao zinatangulia. Treni za wakimbizi zikasukumwa pembeni, moto ukazimika, bomba la maji likaganda, kichwa kikafa. Baridi ni chini ya sifuri digrii 30 na zaidi. Humo ndani chawa na homa ya taifasi. Novonikolaevsk, ndiyo Novosibirsk ya leo, maiti zilirundikwa kama kuni.

Hata Wapolandi, waliokuwa nyuma wakiwalinda, waliomba wapitishwe. Jenerali Syrový, mkuu wa Wacheki, alikataa. Wakaachwa, wengi wakajisalimisha Klyukvennaya Januari 1920.

Kipanga wa Kilwa
Na Jenerali Kappel wa jeshi la Kolchak alimpigia Syrový telegramu akimwita waonane kwa bastola, wawili tu, kwa kumvunjia heshima Admirali. Hakujibiwa. Kappel aliongoza watu wake kwa miguu na farasi juu ya mto Kan ulioganda nusu nusu, miguu ikaliwa na baridi, akakatwa sehemu za miguu, akafa Januari 26, 1920 akiwa bado anaongoza.

Lakini tuwe wakweli. Treni ni chache, njia imejaa, Jeshi Jekundu la Wabolsheviki liko nyuma, na serikali ya Kolchak yenyewe imekimbia watu wake. Wewe mkuu wa kikosi ungempakia nani? Vijana waliokuwa mbali na mama zao tangu 1914, au wageni?

Bibi Shamba
Ningepakia watoto. Halijahitaji mjadala hilo.

Ngano Moto
Bibi kafunga mjadala, sisi tumebaki tunafuta viti.

Fundi Redio
Haya dhahabu sasa. Kila mtu anajua Wacheki walimuuza Kolchak kwa Wabolsheviki, wakabaki na dhahabu, wakaijenga Legiobanka, benki ya wanajeshi hao, Prague. Jengo lipo mtaa wa Na Poříčí, kalitazameni, mtu wa mshahara wa askari hajengi vile.

Mzee wa Stesheni
@Fundi Redio hapo kuna mambo matatu umeyakoroga chungu kimoja.

Moja. Dhahabu ya serikali ya Urusi ilikuwa imehifadhiwa Kazan. Wacheki na Warusi wa serikali ya Samara waliiteka Kazan Agosti 7, 1918. Ilikuwa ya thamani ya rubo kama milioni 650. Ikahamishiwa Samara, Ufa, kisha Omsk kwa Kolchak. Kolchak akatumia karibu theluthi nzima kununua silaha nje. Sehemu ya thamani ya rubo milioni 40 na ushei iliporwa na Ataman (mkuu wa Wakozaki) Semyonov kule Chita.

Mbili. Kolchak hakukabidhiwa kwa Wabolsheviki. Januari 15, 1920 walimkabidhi Irkutsk kwa Kituo cha Kisiasa, muungano wa wajamaa waliokuwa wamepindua mji. Jenerali Janin wa Ufaransa, mkubwa wao, ndiye aliyeridhia, ilhali Admirali alikuwa amepewa ahadi ya ulinzi chini ya bendera za mataifa. Wabolsheviki walichukua mji siku chache baadaye. Februari 7 wakampiga risasi kando ya Ushakovka, mwili ukasukumwa kwenye tundu la barafu.

Tatu. Siku hiyohiyo, Februari 7, stesheni ya Kuytun, Wacheki walisaini na Jeshi Jekundu: tuacheni tupite, dhahabu tunawaachia Irkutsk. Ikakabidhiwa ya rubo milioni 409. Sasa fanya hesabu yako mwenyewe.

Fundi Redio
Hesabu inakuja sawa kwenye makaratasi ya nani? Ya aliyekabidhi na ya aliyepokea, ambao wote walikuwa na haraka. Na yale masanduku 13 yaliyopotea stesheni ya Tyret yaliota miguu?

Chura wa Baikal
Masanduku ya Tyret yalipotea wakati walinzi wa ndani ni Warusi. Na thamani yake haifiki hata rubo milioni moja. Kwa hizo hujengi benki, labda choo cha benki.

Legiobanka ilikua kutokana na ile benki ya akiba Mzee aliyoitaja. Askari 60,000 walilipwa mshahara miaka miwili bila mahali pa kuutumia, na jeshi lilinunua ngozi, pamba na shaba kwa bei ya kutupa ya vita likasafirisha kwao kwa meli. Kama unatafuta wizi, mimi ningechungulia hapo kwanza: mali hizo zilikuwa za nani kabla hazijapanda treni?

Msomi Mvivu
Kumbe wenzetu walikuwa wanafunga na mizigo 😅. Na hizo meli zilipita wapi? Isije ikawa walipita Mombasa tukawauzia madafu.

Dada wa Voi
@Msomi Mvivu hawakupita kwetu. Nyingine zilipita Singapore, Colombo, Suez, hadi Trieste. Nyingine zilivuka Pasifiki hadi Vancouver au Marekani, wakakata bara kwa treni (tena treni!), wakapanda meli nyingine. Waliobebwa wote, pamoja na wake na watoto waliowapata hukohuko Urusi, walizidi 67,000. Waliokufa ni zaidi ya 4,000.

Ngano Moto
Wakati wao wanaganda, huku kwetu Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, naye alikuwa anazunguka Msumbiji na Rhodesia na wapagazi wetu mgongoni. Akajisalimisha Novemba 11 Wazungu walipopatana. Kwa nini tunajadili ya Wacheki?

Kipanga wa Kilwa
Novemba 11 hakuwa na habari. Alipata taarifa mtoni Chambeshi siku mbili tatu baadaye, na aliweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 25, 1918. Ya wapagazi inastahili uzi wake mkubwa. Fungua, tutakuja na makarai ya nondo.

Chura wa Baikal
Kumaliza ya Irkutsk: mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba Kolchak alikuwa mnyongaji na Wacheki vibaraka wa mabepari, ukiandika tofauti unafeli. Mwaka 2004 mji uleule ukamsimamishia Kolchak sanamu. 2011 Chelyabinsk ikapata mnara wa Wacheki karibu na stesheni, na watu wa hapo wakagombana juu yake. Kwa hiyo wanaotaka jibu moja humu watangoja sana.

Fundi Redio
Jibu lipo. Lete daftari za Legiobanka za 1920 tukae mezani.

Mzee wa Stesheni
Na wewe lete za Semyonov.

Bibi Shamba
Mtoto wa Kisangani, wewe na wenzako mlitokaje kwenye vita ile? Haya ya dhahabu waachie wao, wewe tusimulie.